Ardhi Isiachwe Uchi

Katika nyumba nyingi za pwani yetu, uwanja safi ni uwanja uliofagiliwa. Alfajiri ufagio wa chelewa hupita kutoka barazani hadi uani, michirizi yake ikabaki mchangani, na siku ikahesabiwa kuwa imeanza vizuri. Desturi hii ina hekima yake: nyoka hakosi kuonekana, watoto hucheza mbele ya macho ya mama zao, na mgeni hukaribishwa mahali panapopendeza. Shida huanza ufagio huo unapopitishwa hata pale pasipokanyagwa na mtu, chini ya dirisha, kando ya ukuta, kwenye kijiteremko kinachoelekea barabarani. Hapo huondoa majani ambayo yangeoza yakawa rutuba, na ardhi hubaki ikipigwa na jua na mvua bila kinga. Masika yakifika, matone hurusha mchanga hadi ukutani, udongo wa juu huteremka mtaroni, na mwaka hadi mwaka msingi wa nyumba huzidi kuchomoza.

Nawasifu wanaovifunika vipande hivyo kwa mimea mifupi ya maua isiyodai maji mengi. Katika mimea hiyo nachagua vinka, ile ya maua ya waridi au meupe yenye petali tano na jicho katikati, inayomea kwenye bustani za mahoteli na pia kwenye makopo ya rangi mbele ya nyumba za kupanga. Kazi ya kuikuza hufundisha jambo ambalo ukoka na mpira wa maji haviwezi kulifundisha: kutunza ni pamoja na kujua lini mkono uzuiwe.

Asili yake ni Madagaska, ng'ambo ya bahari yetu hii hii, na kutoka huko ilisambazwa hadi ikaenea nchi zote za joto. Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliiandika mwaka 1759 kwa jina la Vinca rosea. Wataalamu wa baadaye waliihamishia kwenye jenasi ya Catharanthus, lakini watunza bustani wakabaki na jina la awali. Ni kichaka kidogo chenye shina linalokuwa gumu kama mti kuelekea chini, na majani ya kung'aa yanayokaa mawili mawili. Kikiachiwa hufika hata mita moja. Kikishikwa vizuri hakipiti goti. Mchanga wa pwani hukiridhisha, hata ule wenye vipande vya mawe ya matumbawe. Huchanua karibu mwaka mzima, na maua yaliyochoka hudondoka yenyewe bila kuchumwa.

Ufundi huanzia kwenye mbegu. Ua likishaanguka, hubaki viganda viwili vyembamba vilivyosimama pamoja, vya kijani, vifupi kuliko kidole. Mtunza bustani huvitazama kila asubuhi. Rangi inapoanza kugeuka manjano, huvichuma na kuvitia kwenye karatasi, kwa maana akichelewa siku moja ya jua kali vitapasuka, na mbegu nyeusi, ndogo mno, zitamwagika chini. Kwenye karatasi hupasuka zenyewe, na hapo mbegu huwekwa mahali pakavu zikingoja msimu.

Huatikwa mwezi wa Septemba, kabla ya vuli. Mbegu za vinka hupenda giza: zikiachwa wazi juani huota kwa shida, kwa hiyo hufunikwa kwa udongo mwepesi, na kitalu kikawekewa makuti au gunia hadi vichomozi vya kwanza vionekane, kwa kawaida baada ya wiki moja au mbili. Miche ikipata jozi tatu au nne za majani huhamishiwa mahali pake, sentimita 25 hadi 30 kati ya mche na mche. Mvua za vuli huisaidia kushika, kiangazi cha Januari na Februari huilazimisha kupeleka mizizi chini, na masika yanapoanza tayari ina miguu ya kusimamia. Tuta huinuliwa kidogo ili maji yasituame. Samadi huwekwa kwa kiasi, kwa sababu udongo wenye mbolea nyingi huzaa majani mengi na maua haba.

Kisha huja kazi ya kisu. Mche ukifika urefu wa kiganja, ncha yake hukatwa juu ya jozi ya majani, na katika makwapa ya majani hayo huchipua matawi mawili. Matawi nayo yakirefuka hukatwa vivyo hivyo. Hapo ndipo mmea uliotaka kwenda juu unapogeuka kuwa mmea wa kwenda pembeni. Baada ya miezi michache matawi ya jirani hukutana, kivuli hushuka chini, na magugu yaliyokuwa yakingojea jua hayalipati tena. Palizi iliyokuwa ya kila wiki hugeuka kuwa ya kung'oa gugu moja moja kwa mkono.

Lakini kipimo halisi cha mjuzi ni maji. Saa saba ya mchana wakati wa kaskazi, majani ya vinka hujikunja kwa ndani na mmea mzima huonekana kuchoka. Asiyeizoea hukimbilia ndoo. Mjuzi huchomeka kidole kwenye udongo. Akikuta ukavu, hungoja, na mara nyingi jua likishuka majani hujinyoosha yenyewe. Yasiponyooka hadi asubuhi, ndipo humwagilia, shinani, taratibu, mpaka maji yazame, kisha huuacha mmea kwa siku kadhaa. Kidole kikikuta unyevu na mmea bado umelegea, hiyo si kiu. Mizizi imeanza kuoza, shina karibu na udongo linageuka jeusi, na kila kopo la maji linaloongezwa linaharakisha mwisho. Ishara ya kiu na ishara ya kuzama zinafanana kwa macho. Hutofautishwa na kidole. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na vinka nyingi zimekufa kwa huruma ya namna hiyo.

Vinka ina kinga yake pia. Shina likikatwa hutoa utomvu mweupe, na ndani ya mmea mna kemikali chungu zenye sumu. Mbuzi wa mtaani huinusa akaenda zake. Kemikali hizo hizo ziliwashangaza watafiti. Majani yaliyotoka Jamaika, ambako watu waliyachemsha kama dawa ya kisukari, yalifika Kanada kwa Robert Noble na Charles Beer. Sukari haikushuka kwa wanyama wa majaribio; kilichoshuka ni chembe nyeupe za damu, na mwaka 1958 ikatengwa vinblastini, dawa ya saratani. Vinkristini iliifuata, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1963. Mwaka huo huo wa 1958, Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliowashambulia watoto wa Afrika, na leo vinkristini ni miongoni mwa dawa zinazotibu saratani hiyo yenye jina lake. Nguvu hiyo ndiyo sababu ya kuosha mikono baada ya kuikata, na ya kutoichemsha nyumbani hata chai yake ikisifiwa vipi. Dozi yake ni kazi ya hospitali.

Kila baada ya miaka miwili au mitatu matawi hurefuka, hukakamaa na kuwa mapara chini. Mtunza bustani hung'oa mimea iliyozeeka na kuipa nafasi miche iliyojiotea pembeni, ambayo daima ipo. Iliyovuka mpaka wa bustani kuelekea kwenye vichaka vya asili huing'oa pia, kwa kuwa mmea hodari ugenini hudai usimamizi.

Katika miji ambako maji hununuliwa kwa dumu, bustani ya kunyweshwa kila jioni ni ya wachache. Kipande cha vinka ni cha yeyote mwenye mbegu, kisu kidogo na subira. Ufagio ubaki na njia zake na baraza lake. Pasipokanyagwa papandwe vuli ijayo, hata kama ni hatua mbili kwa tatu, kwa maana anayeweza kufunika kipande hicho kwa maji machache ameshajua namna ya kufunika kingo za mtaro na mteremko wa shule. Mtaa unaotaka kubaki na udongo wake unawahitaji watu wenye ujuzi huo, na kazi yao yastahili kuhesabiwa pamoja na useremala na uashi, ufundi kamili wenye siri zake.