Uhuru Ulioanzia Vidoleni: Jinsi Ani DiFranco Alivyobaki Mmiliki wa Nyimbo Zake

Habari za Ani DiFranco huandikwa zaidi kama habari za biashara. Ni binti wa Buffalo, jimbo la New York, aliyeanzisha lebo yake ya Righteous Babe mwaka 1990 akiwa na miaka kama ishirini, akakataa mikataba ya makampuni makubwa, na bado rekodi zake zikauzika. Katikati ya miaka ya 1990 waandishi wa mambo ya fedha Marekani walimshangaa kwa sababu kila albamu iliyouzwa ilimwachia kiasi cha dola 4.25, fungu ambalo msanii wa lebo kubwa hakuweza kuliota. Mwaka 1997 mwenyewe aliliandikia jarida la Ms. barua ya wazi kulalamikia kupimwa kwa dola badala ya nyimbo. Alikuwa na haki ya kulalamika, na mimi naongeza sababu ya kifundi: simulizi la biashara huanzia katikati ya safari. Kabla ya lebo kulikuwa na namna fulani ya kupiga gitaa kavu, na namna hiyo ndiyo iliyoifanya lebo iwezekane. Nadai kwamba bila mkono wake wa kulia, msimamo wake wote wa kutouza haki zake ungebaki nia njema tu.

Tuanze na mkono huo. DiFranco alianza kupiga kwenye baa za Buffalo akiwa bado mtoto, na baa ni shule kali: watu wanakunywa, wanazungumza, na msichana mwenye gitaa lisilo na dramu nyuma yake hana chochote cha kuwanyamazisha. Mtindo wake ulizaliwa na hali hiyo. Hubandika kucha za bandia kwenye vidole vya mkono wa kulia, kisha huzizungushia tepu nyeusi ya mafundi umeme ili zisichomoke, kwa sababu kucha ya kawaida haihimili kipigo chake. Kwa kucha hizo huung'oa uzi kwa nguvu hadi ugonge ubao wa shingo ya gitaa, na mlio ule wa kugonga unakuwa sehemu ya mdundo. Kidole gumba kinabeba besi, vidole vingine vinadokoa sauti ya kati na ya juu, na kiganja kinaziba nyuzi ghafla ili kuacha pengo. Pengo hilo lina kazi kubwa. Mpigaji wa kawaida wa nyimbo za kiasili hucharaza mfululizo na kuijaza kila nafasi, ilhali DiFranco hukata, husimama, huruka mapigo, kisha hurudi pale msikilizaji asipotarajia. Mtu aliyekuwa akiongea mezani hushtuliwa na kimya kabla hajashtuliwa na sauti.

Tena gitaa lake mara nyingi halikutyuniwa kwa namna ya kawaida. Hulegeza baadhi ya nyuzi na kukaza nyingine ili kupata mpangilio tofauti kwa nyimbo tofauti, na faida yake ni ya moja kwa moja: nyuzi zilizo wazi zinaendelea kulia zenyewe wakati mkono wa kushoto unashughulika na jambo lingine, na uzi wa chini ukilegezwa hutoa besi nzito ambayo gitaa kavu kwa kawaida halina. Juu ya yote hayo inakaa sauti inayotembea kati ya kusema na kuimba. Alipohamia jiji la New York alisoma katika New School, ambako mshairi Sekou Sundiata alikuwa mwalimu wake, na mafunzo ya ushairi wa kusemwa yanasikika katika namna anavyozipanga silabi ndani ya yale mapengo ya gitaa. Mtu mmoja, basi, anatoa besi, mdundo, sauti za kati na maneno.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo ufundi unapogeuka kuwa uhuru. Mkataba wa kawaida wa lebo kubwa wakati ule ulifanya kazi hivi: kampuni inatanguliza fedha za studio na gharama nyinginezo, na sehemu kubwa ya fedha hizo ni deni linalokatwa kwenye mrabaha wa msanii, ambao aghalabu ulikuwa baina ya asilimia 10 na 15. Deni lisipolipika msanii hapati kitu kwenye mauzo, na hata likilipika, masta, yaani rekodi asilia, hubaki mali ya kampuni. Wengi wanaosaini hawapumbazwi na umaarufu. Wanasaini kwa kuwa muziki wao una gharama wasizoweza kuzibeba. Bendi ya watu watano inataka usafiri, malazi, vyombo, siku nyingi za studio. DiFranco alitaka gitaa, maiki na gari. Albamu yake ya kwanza ya mwaka 1990 ina sauti yake na gitaa lake peke yake, na alichokiuza baada ya shoo ni kitu kile kile ambacho watu walikuwa wamekisikia dakika chache kabla. Kanda ikinunuliwa mlangoni, hakuna wa kati anayekata fungu. Fedha ya kanda inalipia mafuta ya kufika mji unaofuata, na mji unaofuata unanunua kanda. Mzunguko huo hauhitaji redio wala mkopo, ila una sharti moja gumu: shoo ya mtu mmoja lazima iwe na nguvu ya kumfanya mgeni atoe fedha mfukoni usiku ule ule.

Atakayesikiliza albamu zake kwa kufuata miaka ataona kwamba hata mali ilipoongezeka, msingi haukuhama. Andy Stochansky alijiunga naye kwenye dramu mapema katika miaka ya 1990, na mwaka 1996 Sara Lee akaja na gitaa la besi. Kundi hilo la watu watatu ndilo linalosikika katika Living in Clip ya mwaka 1997, albamu ya jukwaani iliyopata cheti cha dhahabu Marekani. Isikilize kwa makini: dramu na besi zinalifuata gitaa, zinajibu mapigo ambayo mkono wa kulia tayari umeyaweka. Ziondoe, na wimbo bado umesimama. Mwaka 2004 alithibitisha hilo mwenyewe kwa albamu ya Educated Guess, aliyoirekodi peke yake nyumbani kwa mashine ya tepu ya njia nane, akipiga na kuimba kila kitu. Kuna watakaosema rekodi zake za mwanzo ni kavu na hazijakamilika kistudio. Ni kweli, na nyingine zinaumiza sikio la fundi mitambo. Lakini hazikukusudiwa kuwavuta watu wasiomjua. Zilikusudiwa kumpeleka nyumbani msikilizaji aliyekwisha kushawishika.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ufundi wa mkono peke yake haujawahi kumkomboa mwanamuziki. Nalikubali, na sisi wasikilizaji wa Kiswahili tuna ushahidi wetu. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo, alikuwa bendi nzima ndani ya gitaa kavu moja, kwa kidole gumba na cha shahada, miongo minne kabla ya kanda ya kwanza ya DiFranco. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, na santuri zake zikatolewa na kampuni ya Afrika Kusini. Mkono ule ulistahili kila sifa, lakini mashine ya kurekodi, kiwanda cha santuri na njia ya kuzisambaza vyote vilikuwa vya watu wengine. Kwa hiyo sidai kwamba kipaji huzaa umiliki. Ninachosema ni kwamba ufundi wa kujitosheleza humpunguzia mtu ulazima wa kuuza, na baada ya hapo kunahitajika uamuzi na vifaa. DiFranco alifanya uamuzi huo wakati ambapo mtu wa kawaida aliweza kuzalisha kanda zake kwa fedha ya kuungaunga. Na lebo yake ilipokua aliajiri wasambazaji bila kuwauzia haki: kampuni ya usambazaji ilichukua fungu lake kwa kazi ya kufikisha rekodi madukani, na masta zikabaki Buffalo. Tofauti hiyo, kati ya kumlipa mtu akusambazie na kumpa mtu akumiliki, ndiyo sehemu ya habari hii inayostahili kusomwa mara mbili.

Wengine watasema hakuwa peke yake hata kidogo, na hilo nalo ni kweli. Alikuta mtandao wa muziki wa wanawake uliojengwa tangu enzi za lebo ya Olivia Records, iliyoanzishwa mwaka 1973, wenye wasambazaji, matamasha na wasikilizaji waliozoea kununua nje ya maduka makubwa. Alimpata meneja, Scot Fisher, aliyeijenga ofisi Buffalo, na kazi za uchapaji zikapewa watu wa mji huo huo. Aliwakuta pia wazee wa nyimbo za kiasili: mwaka 1996 alichukua kanda za simulizi za jukwaani za Utah Phillips, mtunzi na mwanachama wa chama cha wafanyakazi, akaziwekea muziki chini ya sauti yake, na kizazi kisichomjua mzee yule kikamsikia. Haya hayapunguzi hoja yangu. Kujitegemea kwake hakukuwa na maana ya kukosa wenzake. Maana yake ilikuwa kwamba hakuna mwenzake aliyeshika hati ya nyimbo zake.

Mfumo huu ulikuwa na bei, na kuificha kungekuwa udanganyifu. Kampuni iliyosimama juu ya mikono miwili inayumba mikono ikiugua. Mwaka 2005 DiFranco alipata maradhi ya kano za mikono akalazimika kuacha ziara kwa takriban miezi tisa. Kipigo kile kilichowanyamazisha walevi wa Buffalo kilikuwa kimemla mpigaji mwenyewe. Hapo ndipo inapoonekana busara ya hatua alizokuwa amezianza: kutoa albamu za wengine, akiwemo Andrew Bird, na kulinusuru kanisa la kale la Buffalo lililokuwa hatarini kubomolewa, likageuzwa ukumbi wa muziki na ofisi za lebo. Mwaka 2010 Righteous Babe ilitoa albamu ya Hadestown ya Anaïs Mitchell, ambamo DiFranco mwenyewe anaimba sehemu ya mhusika Persephone. Kazi hiyo ilifika kwenye kumbi za Broadway, New York, na kushinda tuzo ya Tony ya tamthilia bora ya muziki mwaka 2019, na mwaka 2024 DiFranco akapanda jukwaa la Broadway kuigiza nafasi ile ile.

Limebaki pingamizi la zama: kanda hazipo, muziki unasikilizwa kwenye simu, na senti za mtandaoni hazijazi tangi la gari. Sehemu ya njia yake imefungwa kweli. Iliyobaki wazi ni ile ya awali, shoo ya mtu mmoja au wawili inayoweza kuushika ukumbi bila gharama za bendi, pamoja na mkataba usiohamisha masta. Mwanamuziki kijana anayejifunza gitaa kavu leo aanze kumsikiliza DiFranco kwa mkono wa kulia kabla ya kusoma habari za lebo yake. Kisha, akiletewa karatasi ya kusaini, atafute kwanza mstari unaosema masta ni za nani. Za DiFranco, kuanzia albamu ya 1990 hadi ile ya 2024, zimetoka Righteous Babe.