Mjue Maji kwa Mwendo Wake

Jina lenyewe la bonde hili kichekesho: Jangwani. Masika yakichachamaa, Barabara ya Morogoro hufungwa papo hapo, na Mto Msimbazi, unaoshuka kutoka vilima vya Pugu, hulidai bonde lake lote kabla ya kumwaga maji yake baharini karibu na Daraja la Salenda.

Siku moja niliandamana na rafiki yangu, mhandisi wa mazingira, hadi mtaa mmoja wa bondeni. Nilitarajia ramani na kompyuta. Yeye alianza na salamu.

"Shikamoo bibi. Yale mafuriko makubwa, maji yalifika wapi?"

"Marahaba mwanangu. Hapa." Bibi akaweka kiganja ukutani, usawa wa dirisha. Chini ya chokaa mpya bado ulionekana mstari wa tope la Desemba 2011. Mhandisi akatoa futi kamba, akapima, akaandika. Kipimo hicho hakuna kituo cha hali ya hewa kitakachokupa.

Tukaenda mtaroni. Akapima mita 10, akadondosha kipande cha kumbi la nazi, akahesabu. Sekunde 25. "Mavivu haya," akasema, "yatabwaga mchanga." Maji yakienda taratibu mno, mchanga hutua na mtaro hujaa, yakikimbia mno, hula kingo. Kati ya hayo mawili ndipo ulipo ufundi wa mhandisi, na nusu sentimita ya mteremko kwa kila mita yatosha kuuharibu.

Mvua ya milimita 50 juu ya hekta moja ni lita laki tano. Nyasi na udongo hunywa sehemu yake. Bati na zege hazinywi kitu. Zamani nami nilisifia mitaro mipana ya zege inayofagia maji upesi. Siku hizi sisifii. Kuyakimbiza maji ya Tabata ni kumpelekea mafuriko mtu wa Kigogo. Mhandisi huyu huyachelewesha: kijibwawa hapa, nyasi pale, na mto kuachiwa nafasi yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo. Mto haujaisoma, ila huitekeleza bila huruma, na wanaoadhibiwa ni wale waliokosa kiwanja kwingine.

Msimu uliofuata, mteremko wa ule mtaro ukiwa umesawazishwa upya, ilinyesha usiku kucha. Alfajiri nilimkuta mhandisi ndani ya mtaro na gambuti zake, akichomeka fimbo.

"Mchanga sentimita mbili tu."

Mama muuza vitumbua hakugeuka hata kumtazama. Alikuwa akipepea jiko lake ukingoni, pakavu.