Mwalimu wa Ujasiri na Mwalimu wa Hesabu

Mtu anayetaka kujisanifia na kujiundia mwenyewe katamarani ya injini, ili atembee pwani kwa pwani na kulala humo na jamaa yake, hana budi kwanza kutafuta mwalimu. Walimu wa fani hii aghalabu wamo vitabuni. Katika kurasa hizi nataka kuwapima wawili, Mwingereza James Wharram na Mmarekani Robert Beebe, kwa kipimo nilichokizoea katika miaka yangu ya ukuu wa chuo cha ualimu: je, mwanafunzi akishakifunga kitabu, ataweza kuamua jambo kwa akili yake, au ataiga tu?

Katamarani ni chombo chenye miili miwili mirefu na myembamba, iliyounganishwa juu kwa sitaha moja. Msomaji aliyepanda boti ya mwendo kasi baina ya Dar es Salaam na Unguja yamkini amekwishapanda mojawapo. Lakini hizo husanifiwa na wahandisi na kuundwa kiwandani. Mimi nazungumzia chombo cha plaiwudi na gundi ya epoksi, kinachoundwa uani kwa miaka kadhaa kwa akiba ya nyumbani. Kosa la usanifu hapo hulipwa kwa akiba hiyo, na pengine kwa roho za watu.

Wharram kwanza. Kitabu chake, Two Girls, Two Catamarans, kilitoka mwaka 1969. Chaeleza jinsi alivyoiunda Tangaroa mwaka 1954, katamarani ya matanga yenye urefu wa mita 7 hivi, akavuka nayo Bahari ya Atlantiki hadi Trinidad pamoja na wasichana wawili wa Kijerumani. Huko Trinidad wakaunda nyingine, Rongo, ya futi 40, na mwaka 1959 wakaivukisha Atlantiki ya Kaskazini kutoka magharibi kwenda mashariki, safari ambayo haikuwa imewahi kufanywa na katamarani. Baadaye Wharram aliuza michoro ya vyombo vyake kwa watu wa kawaida, na mwenzake Hanneke Boon akaichora hatua kwa hatua, kwa uwazi ambao waandishi wengi wa vitabu vya kiada wangeuonea wivu.

Sifa yake kubwa ni kumwondolea msomaji woga. Ukimaliza kusoma unatamani kushika msumeno. Hata hivyo, kama kitabu cha kufundishia usanifu kina pengo. Kinaonyesha kwamba chombo chembamba na cha bei nafuu kiliweza, lakini hakisisitizi vya kutosha sababu ya kuweza kwake. Wale watu watatu walikubali kuishi na vitu vichache mno katika nafasi finyu. Wepesi wa chombo ulitokana na maisha yao kabla haujatokana na mbao.

Beebe ni mwalimu wa namna nyingine. Huyu alikuwa ofisa mstaafu wa jeshi la majini la Marekani. Aliisanifu Passagemaker, meli ndogo ya injini ya futi 50 yenye mwili mmoja, ikaundwa Singapore na mwaka 1963 akaisafirisha hadi Ugiriki. Kitabu chake, Voyaging Under Power, kilitoka mwaka 1975. Hapa kila dai lina tarakimu. Beebe anamfundisha msomaji kwamba mwendo wa chombo cha kawaida unafungwa na urefu wake majini: chukua kipeuo cha pili cha urefu huo kwa futi, zidisha kwa 1.34, utapata kikomo kwa maili za baharini kwa saa. Chombo cha futi 36 hugota kwenye maili 8 hivi. Anafundisha pia kwamba atakaye kufika mbali apunguze mwendo, kwani kushuka kutoka maili 8 hadi 6 huokoa karibu nusu ya dizeli kwa kila maili.

Huu ni ualimu hasa. Lakini hesabu za Beebe ni za meli nzito yenye tumbo pana, na meli ya namna hiyo husamehe. Ukiiongezea jokofu, jenereta na matangi, yashuka kidogo na kuendelea na safari. Katamarani haina msamaha huo. Miili yake ikiwa na urefu wa mara 10 au zaidi ya upana wake kwenye mstari wa maji, huyapasua maji bila kuinua wimbi kubwa, na hivyo hukipita kile kikomo kwa injini ndogo. Wembamba huo ndio faida yake, na ndio hatari yake.

Tufanye hesabu ambayo hakuna kati ya vitabu hivi viwili inayomfanyia mjenzi wetu. Chukua miili miwili, kila mmoja mita 11 kwa mita 1 kwenye mstari wa maji. Kwa kuwa ncha zimechongoka, eneo lake lote ni kama mita za mraba 16.5. Basi kila kilo 170 huizamisha katamarani sentimita 1, na tani moja huizamisha sentimita 6. Meli ya urefu huo yenye upana wa mita 4 ingezama sentimita 3 tu kwa tani hiyohiyo. Lita 1,000 za dizeli pekee ni kilo 840 hivi. Ongeza betri, maji, samani za mbao nzito, nanga ya pili. Sitaha iliyokusudiwa kupita juu ya mawimbi sasa inapigwa nayo kwa chini, mwendo unapungua, dizeli inaliwa, naye mwenye chombo anatafuta injini kubwa zaidi, yaani uzito zaidi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa kupita kiasi humwagika.

Kwa hiyo lawama yangu kwa wanafunzi wa walimu hawa ni kubwa kuliko lawama yangu kwa walimu wenyewe. Wanachukua miili myembamba ya Wharram na kuitwika starehe za Beebe, kisha wanauita mchanganyiko huo usanifu. Fundi wa ngalawa wa pwani yetu, ambaye hajasoma hata mmoja wao, hafanyi hivyo. Anajua chombo chake ni cha watu wangapi na samaki kiasi gani, na hakitwiki nyumba.

Nawapa wote wawili alama nzuri, kwa sharti kwamba wasomwe pamoja, Wharram kwanza ili mtu athubutu, kisha Beebe ili ahesabu. Katikati yao mjenzi aweke mizani na daftari, apime kila ubao, kila tangi na kila sufuria kabla ya kuingia chomboni, ajumlishe kila jioni. Kisha ampe mhandisi wa vyombo auhakiki mchoro wake kabla ya kukata ubao wa kwanza. Asiyekuwa tayari kwa daftari hilo, basi na anunue michoro iliyokwisha kujaribiwa baharini, na aifuate bila kuongeza kitu.