Programu Inayojua Kupisha

Aya hii unayoanza kuisoma ni ndefu kuliko programu ninayotaka kuisifu. Kwenye kompyuta za ukoo wa IBM PC, kwa karibu miaka 30, programu ya kwanza kusomwa kutoka kwenye diski ilitengewa baiti 446, na baiti moja hubeba herufi moja tu. Humo ndimo waandishi wake walimotakiwa kuweka kila kitu: kuitafuta diski, kusoma kutoka humo, kutambua kosa na kulitangaza, kisha kuukabidhi mfumo endeshi mashine nzima. Kwa sisi tunaoweka mifumo miwili au mitatu katika kompyuta moja ya nyumbani, Windows upande huu na Linux upande ule, kazi inazidi kuwa ngumu, maana lazima kuwe na mahali pa kuulizia: leo tuamshe upi?

Mpangilio huo ulikuja Machi 1983, pamoja na IBM PC XT na DOS toleo la 2.0. Diski ngumu ya XT ilikuwa ya megabaiti 10, ambayo leo haitoshi hata picha chache za simu, lakini walioibuni walikubali tangu mwanzo kwamba mwenye mashine anaweza kutaka mifumo zaidi ya mmoja ndani yake. Ndiyo sababu sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512, iligawanywa hivi: baiti 446 za programu, 64 za jedwali la patisheni nne (vipande ambavyo diski hugawanywa), na mbili za mwisho za alama, 55 na AA kwa hesabu ya kumi na sita. BIOS, programu inayokaa kwenye chipu ya ubao mama, huisoma sekta hiyo, huiweka kwenye kumbukumbu katika anwani 7C00, hukagua zile alama mbili, kisha huiachia usukani. Kuanzia hapo BIOS hubaki mtumishi wa kutumwa: soma sekta hii, andika herufi hii kwenye skrini.

Sasa, kila patisheni nayo ina sekta yake ya kuamsha, na sekta hiyo imeandikwa ikitarajia kukaa 7C00. Mahali pamoja panadaiwa na wawili. Programu ya DOS ililimaliza jambo hili kwa namna ambayo sichoki kuirudia. Amri zake za mwanzo kabisa zinainakili yenyewe hadi anwani 0600. Inarukia kwenye ile nakala na kuendelea na kazi kutoka huko. Ndipo inapoisoma sekta ya mfumo uliochaguliwa na kuiweka 7C00, palepale ilipokuwa yenyewe. Mfumo unaamka ukiamini umeitwa na BIOS moja kwa moja. Ni adabu ya mtu anayeinuka kitini kabla mgeni hajavuka kizingiti, mgeni akaketi bila kujua kwamba kiti kilikuwa na mwenyewe.

Nimeshaona programu nyingi zinazosifiwa kwa ukubwa wa kazi zake. Hii naipenda kwa kuondoka kwake.

Linux ilipofika kwenye mashine za nyumbani, DOS na baadaye Windows zilikuwa zimeshakaa, na hazikuwa na mpango wa kumtambua jirani. Mwaka 1992 Werner Almesberger alianza kuandika LILO, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa ikiulizia mfumo wa kuamshwa. LILO haikujua faili ni nini. Wakati wa kuisakinisha iliandikiwa orodha ya sekta ambamo keneli ya Linux, kiini cha mfumo, imelala, nayo ikawa inazifuata kwa namba. Ukibadilisha keneli bila kuiandikia orodha upya, itakwenda kwenye zile sekta za zamani na kukuta kitu kingine. Ni udhaifu mkubwa, lakini tazama ilivyojua kujieleza. Iliandika jina lake kwenye skrini herufi moja moja, kila herufi ikiwa ushahidi wa hatua iliyokamilika. Ukiona L peke yake, sehemu ya kwanza imeanza lakini imeshindwa kuipakia ya pili. Ukiona LI, sehemu ya pili imepakiwa lakini haikuweza kuanza. LIL, imeanza ila haikuipata ramani yake. LILO kamili, kila kitu kiko sawa. Fundi aliyesimama mbele ya skrini nyeusi alipata ripoti nzima ya ugonjwa katika herufi nne, na herufi zenyewe ni jina ambalo lingeandikwa hata hivyo.

Aliyekataa kufuata sekta kwa namba ni Erich Boleyn. Mwaka 1995 alikuwa akijaribu kuuamsha mfumo wa GNU Hurd juu ya keneli ya Mach 4 ya Chuo Kikuu cha Utah. Wakati ule kila mfumo ulikuja na kiamsho chake, na kila kiamsho kilimjua bwana wake tu. Boleyn na Bryan Ford wakaandika kwanza makubaliano, Multiboot, yanayoeleza jinsi keneli yoyote na kiamsho chochote vinavyoweza kusalimiana. Programu ikafuata, nayo ni GRUB. Mwaka 1999 Gordon Matzigkeit na Yoshinori Okuji waliichukua ikawa programu rasmi ya GNU, na GRUB ya leo ilitokana na kazi ambayo Okuji aliianza upya mwaka 2002. Tofauti yake na LILO ni kubwa: GRUB inasoma mifumo ya faili yenyewe. Unaiambia jina la faili, inakwenda kuitafuta. Hata ukiwa umeiharibu menyu, unaweza kubonyeza kitufe kimoja, ukapata mahali pa kuandika amri, ukazunguka kwenye diski zako ukisoma yaliyomo, na yote haya yanafanyika kabla mfumo wowote haujaamka.

Lakini hata GRUB ilipaswa kuanzia kwenye zile baiti 446. Sehemu yake ya kwanza imepewa jukumu moja tu, kupakia sekta moja nyingine, na namba ya sekta hiyo imeandikwa ndani yake. Msimbo wake unasomeka na yeyote, na kila mtu anayependa kazi safi anapaswa kuupitia mara moja maishani. Kuna ukaguzi uliowekwa kwa ajili ya BIOS mbovu zinazokosea namba ya diski. Kuna mruko mmoja unaoonekana hauna maana, hadi usome maelezo yake: zipo BIOS zinazoifikia 7C00 kwa hesabu tofauti ya anwani, na mruko ule unazirudisha zote kwenye mstari. Ujumbe wa makosa umekatwakatwa kama kitambaa kisichotosha: kuna "Geom", kuna "Hard Disk", kuna "Read", na neno " Error" limeandikwa mara moja tu, likiwa na nafasi yake mbele, ili litumike na yote matatu.

Kinachonigusa zaidi ni kile isichokigusa. Baiti nne karibu na mwisho wa eneo la programu hutumiwa na Windows kuweka alama ya kuitambulisha diski, na alama ile ikibadilika Windows huweza kuiona diski kama ngeni. Kwa hiyo GRUB inaposakinishwa, inaibakiza alama hiyo, na jedwali la patisheni inaliacha lilivyo. Kisakinishi cha Windows, kwa miaka yote ile, kiliandika juu ya eneo lote la programu bila kuuliza nani alikuwa hapo.

Sehemu ya pili ya GRUB ilikaa kwenye uchochoro. Kwa desturi ya zamani patisheni ya kwanza ilianza sekta namba 63, hesabu ikianza na sifuri, kwa hiyo baada ya sekta ya mwanzo zilibaki sekta 62 zisizo na mwenyewe, yaani kilobaiti 31. Humo kilibanwa kisomaji cha faili, kikiwa kimekandamizwa, pamoja na msimbo wa kukikandamua. Tatizo ni kwamba hakuna hati iliyosema uchochoro ule ni wa nani, na baadhi ya programu za Windows za kulinda leseni zilianza kuficha alama zao humo humo, juu ya GRUB. Asubuhi mtu anawasha kompyuta, haiamki. Waandishi wa GRUB wangeweza kulalamika tu. Badala yake walifanya mambo mawili: kisakinishi kikafundishwa kuzitambua alama za programu hizo na kuziruka sekta zake, na ndani ya uchochoro kukaongezwa hesabu za Reed na Solomon, zilizochapishwa mwaka 1960 na zinazotumiwa kwenye CD ili mkwaruzo usiharibu muziki. Sekta ikiandikwa juu yake, GRUB inaikokotoa upya wakati wa kuamka na kuendelea. Katika kilobaiti 31!

Kwa Windows, GRUB haijifanyi kujua namna ya kuiamsha. Inapakia sekta ya kuamsha ya Windows yenyewe, inaiweka 7C00 kama BIOS ingefanya, inaondoka. Na palipokuwa na diski mbili, matoleo ya zamani ya mifumo ya Microsoft yakisisitiza kukaa kwenye ya kwanza, GRUB iliweza kusimama kati yao na BIOS ikibadilishana namba za diski: mfumo ukiomba ya kwanza unapewa ya pili, nao unaamka ukiridhika.

Upande wa mkono wa binadamu nao una ufundi wake, na hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi wa vibanda. Ukiwapelekea kompyuta yenye Windows na kuomba Linux kando yake, jibu la haraka ni kufomati yote na kupiga Windows upya. Lakini inawezekana kupunguza patisheni yenye data bila kupoteza faili hata moja, ila kwa mpangilio. Ukipunguza, unaanza na mfumo wa faili, kisha mpaka wa patisheni; ukiongeza, mpaka kwanza. Ukigeuza mpangilio, unakata nyama hai. Zana ya ntfsresize, iliyoandikwa na Szabolcs Szakacsits, inaweza kufanyiwa jaribio lisiloandika chochote ili ionekane kama kazi itafaulu, na baada ya kazi halisi inaweka alama ili Windows ijikague yenyewe mara ya kwanza inapoamka. Fundi mvumilivu ananakili data kwanza pembeni, anafanya jaribio, anasoma majibu, ndipo anakata.

Kisha anazima ile njia ya Windows ya kuamka haraka, iliyoanza na Windows 8. Ikiwa imewashwa, Windows haizimi kabisa. Inalala na kuacha patisheni yake katikati ya sentensi, na Linux ikiandika humo, kinachofuata ni faili kuharibika. Na anarekebisha saa. Saa ya ubao mama haina eneo: Windows huichukulia kuwa saa ya hapa, Linux huichukulia kuwa ya UTC. Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu, basi ukitoka Linux saa tisa alasiri na kuingia Windows unakuta saa sita mchana. Windows ikijisahihisha kupitia intaneti, ukirudi Linux unakuta saa kumi na mbili jioni. Amri moja inawapatanisha. Asiyeijua huenda akanunua betri mpya ya ubao mama bure.

Kompyuta za sasa zinatumia UEFI badala ya BIOS ya zamani, na mgogoro wa sekta moja umepungua sana. Ubao mama wenyewe unasoma patisheni ndogo ya FAT, ndani yake kila mfumo una folda yake, na jedwali jipya kwa kawaida lina nafasi 128 za patisheni badala ya nne. Hata hapo kuna adabu iliyobakizwa: sekta ya kwanza bado ina jedwali la zamani, lenye patisheni moja ya uongo iliyotandazwa juu ya diski, ili zana ya zamani idhani hapana nafasi tupu na isiguse kitu.

GRUB imehamia huko pia, na tabia yake haijabadilika. Inasoma mifumo ya faili zaidi ya 20, ya Linux, ya Windows, ya Mac, na haijapewa uwezo wa kawaida wa kuandika kwenye hata mmoja. Ukiiagiza ikumbuke mfumo uliouchagua jana, inahitaji kuandika mahali, basi iliwekewa faili moja ya baiti 1,024 kamili. Haiirefushi wala haiifupishi. Inaandika juu ya sekta zilezile ambazo faili hiyo imeshazikalia, ili orodha za mfumo wa faili zisiguswe. Ukiifungua utaona mstari au miwili ya maneno, kisha alama za # zimepangwa hadi mwisho kushikilia nafasi. Na ikiwa faili iko juu ya RAID au ZFS, ambako kuandika kwa namna hiyo kunaweza kuvuruga hesabu za mwenyeji, GRUB haiandiki kabisa. Kesho itakuuliza tena, ikianza na chaguo lilelile la siku zote.