Jina Hutangulia Mguu

Kila ngoma ina jina, na jina hilo, likitamkwa na mtu anayejua anachokitaja, hutangulia mguu na kuuonyesha njia. Ufundi wa kuchagua ngoma itakayochezwa, kuitaja, na kuwafahamisha wachezaji maudhui yake kabla hawajaingia uwanjani, husifiwa kwa nadra, kwa kuwa sifa nyingi huwaendea mpiga gitaa, mwimbaji na mchezaji. Hata hivyo, pasipo mwenye ufundi huo, ukumbi uliojaa watu wa asili na rika mbalimbali hubaki na wageni waliokaa vitini, kila mmoja akingoja mwenzake aanze.

Mtaa wa Mapendo, ulio katika komini ya Goma, Kivu ya Kaskazini, nchini Kongo, ni mahali panapofaa kuutafakari ufundi huo. Arusi moja katika mji wa Goma huweza kuwakutanisha Wahunde, Wanande, Washi, Wahavu na wasemaji wa Kinyarwanda, pamoja na jamaa waliotoka Kisangani, Kasai au Kinshasa. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha katika mazungumzo, ilhali majina ya ngoma wanazotarajia kuzicheza yametoka katika Kilingala, Kikongo, Kiluba na hata Kifaransa. Anayetambulisha ngoma mbele ya watu hao hufanya kazi ya mkalimani: hulipokea jina kutoka lugha moja, hulifungua kwa lugha nyingine, kisha hulikabidhi kwa miguu.

Katika muziki wa Kongo kazi hiyo ina mwenyewe, naye huitwa atalaku. Neno hilo lina asili ya Kikongo na maana yake hukaribia kusema «tazama huku». Nafasi yenyewe ilijitokeza katika bendi ya Zaiko Langa Langa, iliyoundwa Kinshasa mwaka 1969, na ilipata nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wimbo wa kawaida wa muziki huo huanza kwa mwendo wa taratibu, mashairi yakiimbwa na kusikilizwa, kisha huingia sebene, yaani sehemu ya mwendo wa kasi ambamo magitaa hushika usukani na watu huacha kusikiliza ili wacheze. Ni katika sebene ndipo atalaku, akitikisa manyanga ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa mkebe mtupu wa dawa ya wadudu, hulitaja jina la ngoma, hulirudia, na kwa kulirudia huwafundisha watu wapi pa kuweka mguu, kiuno na bega.

Majina anayoyashika mtambulishaji si ya namna moja, na mwenye ufundi huyatofautisha. Yapo majina yanayoagiza, kama soukous, ambalo hunasibishwa na neno la Kifaransa lenye maana ya kutikisa, hivyo anayelielewa amekwisha kupata nusu ya somo. Yapo majina yanayokumbusha asili, kama mutuashi, ngoma ya Waluba wa Kasai ambayo mwimbaji Tshala Muana, aliyefariki mwaka 2022, aliitoa nyumbani kwao na kuifikisha katika majukwaa ya dunia. Tena yapo majina yanayobeba mambo hayo mawili kwa pamoja, na mfano bora uko katika muziki wa dansi wa Tanzania, ambako kila bendi ilikuwa na mtindo wake, yaani namna yake ya kupiga na kucheza iliyopewa jina. Orchestra Maquis, iliyotoka Kongo na kuweka makao Dar es Salaam katika miaka ya 1970, ilijulikana kwa mtindo wa Kamanyola Bila Jasho. Kamanyola ni mji mdogo wa Kivu ya Kusini, katika uwanda wa Ruzizi, uliopata umaarufu kwa mapigano ya mwaka 1964 ambayo rais Mobutu aliyatukuza baadaye. Maneno mawili yanayofuata humwambia mchezaji acheze kwa madaha, asijichoshe. Kwa maneno matatu, msikilizaji wa Dar es Salaam alipewa mahali, kumbukumbu na mwendo.

Jambo hilo halikutokea Afrika pekee. Kaskazini mashariki mwa Marekani huchezwa kontra, ngoma ya wawiliwawili waliojipanga katika mistari miwili inayotazamana, ambayo ina mwitaji wake anayewapitisha wachezaji hatua kwa hatua kabla ya muziki kuanza, kisha huendelea kuziita hatua hizo muziki ukipigwa. Mojawapo ya ngoma zake kongwe, Hull's Victory, hukumbuka ushindi wa nahodha Isaac Hull katika vita vya baharini vya mwaka 1812. Huko kama huku, vita vilivyomwaga damu vimegeuzwa kuwa jina la kuwashikanisha watu mikono, na ni juu ya mwenye kulitaja kuamua kama jina litabaki sauti tupu au litakuwa kumbukumbu.

Uamuzi huo ndio kiini cha ufundi wenyewe. Mchaguzi mwema huanza kwa kuutazama ukumbi: huwapa wazee rumba ya taratibu wakiwa bado na nguvu, huwaitia wageni ngoma ya kwao ili wajione wenyeji, na huiweka sebene akiba mpaka aibu iishe. Hutambua pia kwamba kinywa kinachotaja ngoma kina kishawishi chake. Katika Kilingala mabanga ni mawe, na kutupa mabanga ni kuyataja majina ya matajiri na wafadhili katikati ya wimbo ili watoe fedha. Desturi hiyo huwalisha wanamuziki na haistahili kudharauliwa, lakini jina la tajiri humwinua mtu mmoja, ilhali jina la ngoma, likifafanuliwa vizuri, huwainua wote waliomo.

Tena jina la ngoma hudumu. Bendi ya NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi wa Tanganyika. Chama kilipobadilika, nayo ikawa JUWATA, kisha OTTU, na leo majina hayo matatu yanahitaji kuelezwa kwa vijana. Lililosalia ni Msondo, jina la mtindo wake lililochukuliwa kutoka ngoma ya jadi, ambalo hatimaye limekuwa jina la bendi yenyewe. Goma, mji ambao lava ya volkano ya Nyiragongo iliufunika sehemu ya katikati yake mwezi Januari 2002, unajua jinsi nyumba na barabara zinavyoweza kutoweka kwa siku moja. Mwaka 2014 mji huohuo ulianzisha tamasha la muziki na ngoma na kuliita Amani, na mmoja wa mitaa yake unaitwa Mapendo. Majina hayo ni maagizo, sawa na majina ya ngoma: yanangoja mtu wa kuyatamka kwa makini, ili waliokaa vitini wayaelewe na wasimame.