Mguu Mmoja: Umbo la Subira katika Kazi ya Sadaharu Oh

Upigaji wa Sadaharu Oh huanza kusomeka kabla mpira haujafika, pale anapoonekana hafanyi lolote. Mpigaji huyu wa timu ya besiboli ya Yomiuri Giants ya Tokyo, aliyepiga kwa mkono wa kushoto, aliinua mguu wa kulia hadi goti likakaribia kiuno, akatulia juu ya mguu mmoja huku mrushaji akijiandaa kuachia mpira. Umbo hilo, lililoingia uwanjani Julai 1962, lilitokana na kasoro: mwili wake ulikuwa na mazoea ya kuutangulia mpira, na kocha wa upigaji Hiroshi Arakawa, aliyejifunza aikido, akatafuta namna ya kuuzuia. Walifanya mazoezi hata ya kukata kwa upanga karatasi iliyoning'inizwa darini, kazi isiyokubali pupa.

Mguu ulioinuliwa hufanya kazi ya pumziko kati ya ukwapi na utao wa mshororo wa shairi: kimya chake ni sehemu ya mizani. Uzito umelala mguu wa nyuma. Wa mbele ukitua, nguvu hupita kiunoni, ndipo mikono na gongo vifuate. Hakuna tendo la ziada, na ndiyo maana nauona msimamo huu kuwa mkamilifu kuliko wowote niujuao katika besiboli. Wanaosifu mapigo yake 868 ya kuvuka uzio waitazame pia idadi ya mara alizopewa kituo cha kwanza bila kupiga, 2,390. Aliyejua kungoja hakushawishika na mpira mbaya.

Ukocha wake ni matini yenye mikwaruzo. Mwaka 1985, akiwa kocha mkuu wa Giants, warushaji wake walimnyima Randy Bass, mpigaji wa timu pinzani, mipira ya kupigika, naye akaishia mapigo 54, moja pungufu ya rekodi ya msimu mmoja ya Oh mwenyewe ya 1964. Awe aliagiza au hakuagiza, ukurasa huo unaliharibu umbo, na mhakiki hana haki ya kuuruka.

Fukuoka ndiko subira ilikorudi kuwa mbinu. Alianza kuiongoza timu ya huko, Hawks, mwaka 1995. Mwaka uliofuata mashabiki walilirushia mayai basi la timu. Hakuondoka. Hawks ilitwaa ubingwa wa Japani mwaka 1999, ikautwaa tena 2003, na mwaka 2006 Oh aliiongoza Japani kushinda mashindano ya kwanza ya World Baseball Classic.