Upepo wa Matairi Sita

Kulifanya lori lielee si kazi kubwa sana. Kazi ipo ufukweni, pale ambapo maji hayana tena kina cha kulibeba na mchanga bado haujawa mgumu kiasi cha kulishika. Ni hapo ndipo DUKW, lori la Jeshi la Marekani lililobuniwa mwaka 1942, linaponifanya niwavulie kofia mafundi wake.

Walianza na lori la kawaida la GMC la tani mbili na nusu, lenye magurudumu sita yote yakisukuma, wakalivika bodi ya bati la chuma yenye umbo la mashua. Katika umbo hilo mna mkono wa Rod Stephens wa kampuni ya Sparkman & Stephens ya New York, mtu aliyezoea mashua za mashindano. Rafadha waliificha kwenye mfereji chini ya tezi, isigonge mwamba. Usukani ni mmoja: dereva akiuzungusha, magurudumu ya mbele na ubao wa usukani ulioko nyuma vinageuka pamoja. Bati likitoboka, na walijua litatoboka, pampu zinazoendeshwa na injini ile ile zinafua maji ya ngama.

Lakini mimi huvutiwa zaidi na matairi. Dereva yeyote aliyewahi kukwama mchangani anaijua dawa: punguza upepo, tairi litandazike. Ukifika kwenye barabara ngumu sharti uujaze tena, la sivyo tairi linapata moto na kupasuka. Mhandisi Frank Speir akaweka mfumo wa kupunguza na kuongeza upepo huo bila dereva kuinuka kitini. Kompresa ilisukuma upepo kupitia mipira hadi katikati ya kila gurudumu. Kitazame kiungo cha hapo katikati: upande mmoja umetulia, upande wa pili unazunguka, maji ya chumvi yanakipiga, mchanga unakisaga, nacho hakipaswi kuvuja. Basi dereva aliukaribia ufukwe rafadha na magurudumu vikizunguka kwa pamoja, matairi yakiwa laini, na chochote kitakachoshika kwanza, maji au mchanga, kikamsukuma mbele.

Jeshi lilisitasita kulipokea. Desemba 1942, chombo cha Walinzi wa Pwani kilikwama kwenye fungu karibu na Provincetown, Massachusetts, katika dhoruba kali. DUKW lililokuwa hapo kwa majaribio likaingia baharini, likarudi na mabaharia wote saba. Mashaka yakapungua, na hadi Vita vya Pili vya Dunia vinakwisha malori hayo yalikuwa yameundwa zaidi ya 21,000.

Lilikuwa na mipaka yake. Majini lilikwenda takriban kilomita 10 tu kwa saa, na likibebeshwa kupita kiasi lilizama. Katika kisiwa cha Iwo Jima, Februari 1945, baadhi yalizama pamoja na mizinga yaliyoibeba. Waliokuwa wakiyaendesha kisiwani humo, wakiwemo wa kikosi cha 476, wengi walikuwa askari Weusi, waliotengwa na jeshi lile lile walilolitumikia. Waliupanda mchanga mweusi wa volkano huku wakishambuliwa, wakashusha shehena, wakapakia majeruhi, wakashuka tena majini kuwafikisha melini, kisha wakapakia upya na kurudi.